Watu Juu, Maji Chini

Mwaka 1991 nilikuwa nafundisha Jiografia katika shule moja ya msingi hapa Masasi. Siku hiyo tulikuwa kwenye mtawanyiko wa watu, na ubaoni nilikuwa nimeandika yaleyale niliyoandikiwa nami nilipokuwa mwanafunzi: watu hukaa penye maji, penye udongo mzuri na penye njia. Mtoto mmoja wa kike aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona kwa bibi yangu Newala hakuna maji, na watu wamejaa tele?"

Nilimwambia swali lake tutalirudia kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilipofika nikaingia mada nyingine. Lakini swali lile halikuniacha, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizaliwa huko huko juu, mwaka 1958, na utosi wangu bado unaukumbuka uzito wa debe. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kanuni ambayo nyumbani kwetu haikuwa kweli. Sasa nimestaafu, na katika maisha yangu ya kazi nimewahi kuwa karani wa sensa mara mbili, 1988 na 2002. Haya ninayoyaandika ni jibu la kipindi kile.

Nyumba yangu iko Lisekese, nilikokuja nilipoolewa. Ukitoka uani asubuhi unaviona vilima vya mawe vya Masasi, Mkomaindo na Mtandi na wenzao, vimechomoza peke yake kwenye nchi tambarare kama vile vimepandwa. Ukigeukia mashariki siku isiyo na ukungu, kuna mstari mrefu, wa buluu iliyopauka, umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Huo ndio ukingo wa uwanda wa Makonde. Huku chini tuko kwenye mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari. Kule kwenye ukingo, Newala, unakaribia mita 800, na kuna sehemu zinafika 900. Kutoka hapo uwanda unainama taratibu kuelekea Bahari ya Hindi, ukiwa na Mto Ruvuma upande wa kusini na bonde la Lukuledi upande wa kaskazini. Basi la Newala likianza kupanda, abiria wanafunga madirisha kwa baridi, na vumbi linageuka jekundu.

Juu kule ardhi ni mchanga, tena wa kina. Mvua ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na si haba hata kidogo. Ila ikishanyesha hailali. Hakuna mto, hakuna bwawa, hakuna hata kijito cha kulowesha kwato za mbuzi. Mvua kubwa ikikatika, muda si mrefu unatembea bila kukanyaga tope. Maji yote yamezama. Yanapenya mchanga mpaka yanapogota kwenye tabaka lisilopitisha, halafu yanatafuta pa kutokea pembeni, chini kabisa ya mteremko. Ndiyo maana uwanda wote umezungukwa na chemchemi kwa chini: Kitangari, Mkunya, na kule kaskazini Ndanda, ambako Wabenediktini walikuja kujenga misheni yao mwaka 1906 palepale maji yanapobubujikia. Watu juu, maji chini. Ukielewa hilo umekwisha kuelewa nusu ya historia ya kwetu.

Nusu nyingine ni bibi yangu mzaa mama. Jogoo wa kwanza akiwika alikuwa ameshasokota ngata yake ya majani, na sisi wajukuu tumeamshwa kwa kuguswa nyayo. Njia ya kushuka ilikuwa finyu, imechimbika katikati kwa miguu ya wanawake waliopita hapo tangu sijui lini, kiasi kwamba mtoto kama mimi nilitembea ndani yake kama ndani ya mfereji, kuta za mchanga zikinifika magotini. Tulishuka gizani kwa kufuata sauti ya aliyetangulia. Chini palikuwa na visima vifupi, na maji yalijaa polepole, kwa hiyo tulipanga foleni ya mitungi na madebe, wenyewe tumekaa pembeni. Unachota kwa kata, unasubiri kisima kirudi, unachota tena. Debe likijaa, bibi alikata tawi bichi na kulilaza juu ya maji yasimwagike kwa kutikisika. Kisha kupanda. Jua lilitukuta katikati ya mteremko. Tulipofika nyumbani nusu ya siku ilikuwa imeshaliwa, na debe lile lilitakiwa litufikishe kesho.

Asubuhi bibi alikuwa anaweka funda moja la maji kinywani, analitoa kidogo kidogo kwenye viganja, ananawa uso, ananawa mikono, na lililobaki anasukutua. Funda moja. Maji ya kuoshea vyombo walikunywa kuku na mbuzi. Wageni kutoka bondeni walituona wachafu, na maneno yao tuliyasikia. Nasema kwa moyo wote kwamba sijaona watu waliojua thamani ya usafi kuliko wale, kwa sababu kila tone waliloogea walilibeba kichwani.

Sasa kwa nini? Nchi ilikuwa kubwa, mabonde yalikuwepo, Ruvuma ilikuwa pale pale. Kwa nini watu wakapande juu ya mchanga mkavu?

Wazee wa kwetu wana jibu lao, na ni la zamani. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, aliyetoka kwenye makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, akapanda Newala na kufika Mahuta, amebeba mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Yeye aliiandika simulizi hiyo, na mimi niliisikia kwa bibi bila mashine yoyote. Zamani alikuwepo kiumbe peke yake porini, haogi, hanyoi, anakula kidogo na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha nje ya makazi yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili hadi Ruvuma, wakaoga. Huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakaenda bonde la Mbwemkuru, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu kwenye vichaka, upande wa Mahuta. Wa tatu akaishi. Tangu hapo wakaagizwa wasikae mabondeni karibu na maji makubwa, maana huko kuna maradhi na kifo.

Nilipokuwa mwalimu kijana niliichukulia kama hadithi ya kulalia. Siku hizi naisoma kama ripoti. Bondeni kulikuwa na malaria kali kuliko juu, na kwa ng'ombe na watu kulikuwa na mbung'o. Zaidi ya hayo, bondeni ndiko zilikopita njia. Karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi, na ilifuata maji kama kila msafara. Aliyekaa kando ya maji alikuwa anakaa kando ya minyororo. Juu kulikuwa na kichaka, na kichaka cha Makonde si msitu unaoweza kupita chini ya miti ukipiga mluzi. Ni mti juu ya mti, mwiba ndani ya mwiba, hauoni hatua tano. Ndani yake wazee walifyeka uwazi, wakajenga, wakaacha njia moja ya kupinda-pinda yenye geti la magogo. Kila eneo la namna hiyo lilikuwa na mkulungwa wake, yaani mzee mkuu wake, na ukoo wake, upande wa mama. Mvamizi mwenye bunduki alitakiwa apande mteremko bila maji, aingie kwenye miiba bila kuona, na akifika awe na kiu. Wengi hawakujisumbua. Wazee walipima gharama mbili, ya debe na ya mtoto aliyepotea, wakachagua debe. Nakiri pia kwamba waliolibeba debe hilo ni wanawake, na walioamua wapi pa kujenga mara nyingi walikuwa wakulungwa.

Huku chini Masasi mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo inathibitisha jambo lenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, yule yule aliyetunga vitabu vya sarufi ya Kiswahili kule Unguja, alitoka Lindi na watumwa wapatao hamsini walioachwa huru. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona vilima, maji na ardhi nzuri, wakaomba wabaki. Wakabaki. Wajukuu wa watu hao wamo Masasi hadi leo, na wakitaja asili yao wanataja makabila ambayo usingeyatarajia huku. Walikaa penye maji, sawasawa na nilivyoandika ubaoni. Mwaka 1882 wakaja Magwangwara, ndio Wangoni, wakavamia misheni, wakachoma na kuteka. Waliosalimika wakakimbilia wapi? Newala, kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa amejiimarisha pale ukingoni. Misheni nzima ikahamia juu kwa miaka kadhaa. Waingereza waliosoma Oxford nao wakajifunza kusubiri maji yapandishwe kichwani.

Mwaka 1905 Masasi ilichomwa tena, safari hii katika Vita vya Maji Maji. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma, wakaiteka boma ya Newala mwezi Oktoba, na Novemba wakafukuzwa na jeshi la Wajerumani. Moja ya mambo yaliyowatesa Wareno wakiwa wamezingirwa pale lilikuwa kiu, kwa sababu maji yao yalikuwa chini na adui alikuwa katikati. Bibi angewaambia.

Nirudi kwenye watu na idadi yao. Mwaka 1936 mhandisi mmoja, Clement Gillman, aliyekuja nchini tangu enzi za Wajerumani kujenga reli, alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika. Alitumia nukta, kila nukta ikisimama kwa idadi fulani ya watu, na ukiitazama unashangaa: karibu thuluthi mbili za nchi hazikuwa na mtu. Watu wamejibana mlimani Kilimanjaro, Usambara, Rungwe, kandokando ya Ziwa Victoria. Gillman alisisitiza maisha yake yote kwamba maji ndiyo yanayoamua. Na kwa sehemu kubwa ya Tanganyika ramani yake inasema kweli. Lakini shuka kusini-mashariki kabisa, kwenye kona. Hapo nukta zimesongamana juu ya mchanga usio na kijito. Mtoto wa darasa langu alikuwa ameiona ramani hiyo bila kuitazama. Katika sensa ya 1957 Wamakonde walihesabiwa karibu 334,000, kabila la tatu kwa ukubwa Tanganyika nzima, baada ya Wasukuma na Wanyamwezi. Wachaga, wenye mto kila bonde, walikuwa nyuma yao.

Mpwa wangu anaishi Texas, Marekani. Siku moja tukizungumza kwa simu juu ya haya, akanitumia habari za wilaya moja ya huko, wao wanaita kaunti, jina lake Loving. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 1,700, halipishani mno na wilaya ya Newala. Ni nchi kavu, ya upepo na vichaka vifupi, na chini yake kuna mafuta ya petroli. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 64. Nikamwuliza arudie. Sitini na wanne, Mama mdogo. Newala, mwaka 2012, walikuwa 205,492. Nilikaa na takwimu hizo jioni nzima. Kule nchi kavu imefanya ilivyotarajiwa, imewaondoa watu. Kwetu nchi kavu iliwakusanya, kwa kuwa palikuwa na kitu kibaya kuliko kiu kikizunguka chini.

Lakini utekaji wa watumwa ulikwisha, Wangoni walitulia, na watu hawakushuka. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Wamakonde walibaki juu kwa mazoea. Walibaki kwa sababu ya korosho. Mkorosho uliletwa pwani ya Msumbiji na Wareno karne nyingi nyuma, lakini kwetu ulishika kama zao la fedha miaka ya 1940 na 1950. Ukaupenda mchanga wetu. Mizizi yake inashuka kutafuta maji mahali ambapo ndoo haifiki. Babu alipanda mikorosho kwenye shamba la muhogo, muhogo ulipochoka mikorosho ikawa imekua, na kichaka alichokuwa anakirudia kila baada ya miaka kadhaa hakukirudia tena. Ikawa nchi ya mikorosho tangu ukingoni mpaka Tandahimba na kuendelea.

Na korosho ndiyo iliyoleta maji juu, jambo ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha. Pesa ya kwanza ilinunua kaniki na jembe. Ya pili ilinunua bati. Nyumba yenye bati ina mfereji wa kuvunia mvua, na chini ya mfereji watu walichimba shimo, wakalijengea kwa saruji, wakalifunika. Kisima hicho kikijaa Aprili, familia yenye nidhamu inakifikisha hadi Septemba au Oktoba. Mjomba wangu alichimba cha kwanza kwenye kitongoji chetu mwaka 1966, na nakumbuka tulivyolala matumbo juu ya mfuniko, watoto wote, tukiitana majina ndani ya tundu ili tusikie maji yakitujibu. Bibi hakushuka tena mteremkoni kuanzia Januari mpaka Agosti. Nimejaribu mara nyingi kuhesabu ni saa ngapi za maisha yake alirudishiwa na lile shimo, nikashindwa kuendelea kwa uchungu wa zile zilizokwisha kwenda.

Serikali ya kikoloni nayo, miaka ya 1950, ilianza kusukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni hadi uwandani na kuyauza kwa debe. Baada ya uhuru maji ya vijijini yakawa huduma ya bure, na mwaka 1971 nchi ikaweka ahadi kwamba katika miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini angekuwa na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Wafini walikuja Mtwara na Lindi kuchimba visima na kulaza mabomba. Kulikuwa na miaka ya neema. Lakini pampu ya kupandisha maji mita mia kadhaa inakunywa dizeli kama ng'ombe, na dizeli ilipoadimika miaka ya 1980 wanawake waliitafuta tena ile njia ya mfereji.

Kabla ya hapo palikuwa na 1974. Sisi tulihamishwa Agosti. Nilikuwa na miaka 16, niko likizo. Operesheni Vijiji ilikuwa na hoja nzuri, na siwezi kuikana: shule, zahanati, bomba haviwezi kumfuata kila mtu kichakani, na upande wa Ruvuma kulikuwa na vita vya Msumbiji, mabomu yalikuwa yanavuka mto. Tulipelekwa kando ya barabara, safu kwa safu. Nyumba ya mjomba iliezuliwa bati. Kisima cha saruji hakibebeki. Kilibaki kule kwenye mahame na maji yake ndani, na hakukuwa tena na paa la kukijaza. Mikorosho nayo ilibaki, mwendo wa saa mbili kwa miguu, bila wa kuipalilia. Nchi nzima ilivuna tani 145,000 msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wataongeza ugonjwa wa ubwiri unga, na bei mbaya, na wote wana haki. Mimi nilichokiona ni magugu yamefika kwenye matawi, na mama yangu anakwenda kuchimba ming'oko porini kama mwaka wa njaa.

Vijana wakaondoka. Walikwenda Dar es Salaam na begi moja, wakauza pipi, soksi, maji baridi, na kusini ikalipa jiji jina: machinga. Kwa asili Wamachinga ni watu wa huku kwetu, upande wa Lindi. Siku hizi hata kijana wa Mbeya akitembeza mashati ni machinga.

Hii ndiyo hali niliyoingia nayo kwenye nyumba za watu mwezi Agosti 2002, nikiwa na dodoso na kalamu ya risasi, kwenye kijiji kimoja upande wa Newala. Swali la msingi la sensa ni moja, na limepimwa neno kwa neno: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Bibi mmoja alinikaribisha mkekani. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yangu. Alinyamaza, kisha akaingia ndani, akatoka na korosho ghafi kwenye kikapu kidogo.

"Watoto hawahesabiwi kwa mdomo, mwanangu," alisema. "Tutawahesabu kwa hizi."

Akazipanga juu ya mkeka. Tisa. Nne akazivuta upande wake, akazifunika kwa kiganja, hao walikuwa wamekwisha kufa, watatu kati yao kabla hawajatembea. Nne akazisogeza mbali, kuelekea barabarani: Dar es Salaam, Dar es Salaam, Dar es Salaam, na mmoja wa kike Lindi. Ikabaki moja katikati, na binti huyo alikuwa mlangoni anatutazama, mtoto mgongoni. Mimi kisheria nilitakiwa niandike watu watatu. Kwenye fomu ya wanawake kuna mahali pa kuandika watoto waliozaliwa hai na walio hai bado, lakini idadi ya kaya ni ya waliolala hapo tu. Nikaandika watatu. Alipoona nimeandika neno fupi vile, akaniuliza kama nimewaona wote. Nikamwambia nimewaona.

Mikoa ya kusini, katika sensa za miaka ile, ilikuwa miongoni mwa iliyoongoza kwa vifo vya watoto wadogo. Ndiyo maana, pamoja na vijana kuondoka, takwimu za Mtwara zinakwenda tofauti na za taifa. Mwaka 1967 mkoa ulikuwa na watu 621,293. Mwaka 2012 ulikuwa na 1,270,854. Umeongezeka mara mbili tu katika miaka 45, wakati Tanzania nzima ilitoka milioni 12.3 hadi karibu milioni 45. Kati ya 2002 na 2012 mkoa ulikua kwa asilimia 1.2 kwa mwaka, taifa likikua kwa 2.7. Kaya ya Mtwara ilikuwa na wastani wa watu 3.7. Na katika hao milioni moja na ushee, wanawake walikuwa 671,206 na wanaume 599,648. Tofauti ya watu 71,558. Kila ninapoiona ile tofauti naiona mikono ya yule bibi ikisogeza korosho kuelekea barabarani.

Sensa ya 2022 imekuja na habari nyingine, nami nimeifurahia kuliko nilivyotegemea. Mtwara watu 1,634,947. Katika miaka kumi tumeongeza zaidi ya 364,000, wakati miaka kumi iliyotangulia tuliongeza 142,000 tu. Wengine wanasema gesi. Gesi iko Mtwara mjini na Mnazi Bay, haijawahi kulala Newala. Mimi naiweka hesabu hii kwenye korosho: msimu wa 2017/18 kilo ilipita shilingi 4,000 mnadani, nchi ikavuna tani zaidi ya 313,000, na vijana niliowafundisha, niliodhani wamezama Kariakoo milele, walirudi kuangalia mashamba ya wajomba zao. Wengine walibaki hata bei ilipoanguka. Naiweka pia kwenye watoto wanaovuka umri wa miaka mitano. Karani aliyekuja kwangu Lisekese alikuwa na kishikwambi, kijana mtaratibu, akauliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya kaya. Nikasema bomba. Akagusa kioo, akaenda swali linalofuata.

Mwezi Septemba mwaka jana nilikwenda kwenye mahame yetu. Mpwa alilipia bodaboda kutoka stendi ya Newala. Mikorosho ya babu ipo, imezeeka, na mtu mwingine wa ukoo ameipogoa vizuri na kupulizia salfa. Nyumba hazipo, ni vichuguu vidogo vya udongo. Nilikitafuta kisima cha mjomba kwa fimbo, nikigonga, mpaka fimbo ikatoa sauti ya saruji. Mfuniko umepasuka, mti wa porini umeota ndani yake na kutoka juu, kwa hiyo nadhani chini bado kuna unyevu. Nilipiga magoti nikaita jina langu ndani ya ufa.

Njia ya mteremkoni nayo ipo. Ule mfereji uliochimbwa na miguu umejaa majani makavu lakini umbo lake halijapotea, unaufuata kwa macho ukipinda kulia, kushoto, unazama chini ambako bonde limefunikwa na moshi wa mashamba. Nilikuwa nimesimama hapo nilipowasikia. Pikipiki mbili zilipanda kwa kunguruma kutoka chini, kwa njia pana iliyokatwa pembeni, kila moja imefungwa madumu matano ya njano ya lita ishirini ishirini, na kwenye mdomo wa kila dumu wamesokomeza majani mabichi badala ya kifuniko. Kijana wa mbele alipunguza mwendo.

"Shikamoo, bibi. Unataka maji? Ya leo leo, ya bondeni."

Nikaitikia marahaba, nikanunua dumu moja.